Pampu ya Chombo Isilale Nyumbani

Safu ya Bi Mwanakombo

Wiki hii nina ugomvi na wenye vyombo. Manahodha na mabaharia nawaacha na kazi yao. Nawasema matajiri wenyewe, wale ambao asubuhi husimama pwani kuhesabu nauli na jioni hurudi majumbani wamebeba pampu ya chombo. Nasema tangu mwanzo: pampu ya kutolea maji ikitoka chomboni, chombo hicho kisipakie abiria.

Nilikuwa Mkokotoni, nakwenda Tumbatu arusini. Boti ya mbao, mashine ya petroli nyuma, watu tumebanana pamoja na magunia ya mchele, makreti ya soda na masufuria ya kupikia biriani. Kando yangu alikaa mama kijana na mtoto mchanga mapajani. Kusi lilikuwa limeshaamka. Mawimbi hayakuwa makubwa, lakini kila moja lilipogonga ubavu liliacha maji yake ndani, na chini nako maji yalikuwa yakiingia taratibu. Chombo cha mbao ndivyo kilivyo. Pamba ya kalafati huchakaa, mbao hukauka na kuvimba, na nahodha anayekwambia chombo chake hakivuji hata tone huyo usipande naye.

Katikati ya safari maji ya ngama yakapanda juu ya mbao za kukanyagia, yakafika viatuni. Nahodha akamwambia mwenzake kwa sauti ya kawaida, "Tia pampu." Kijana akavuta kutoka chini ya benchi kitu cha plastiki, ukubwa wake kama kopo la maziwa ya unga, kimefungwa mpira mrefu na waya mbili zenye vibanio, na betri ya pikipiki. Moyo ukatulia, kwa sababu vitu hivi navipenda na nimevisifu hapa zamani. Akaitumbukiza ngamani, akabana waya. Pampu ikanguruma, ikatema maji kidogo nje ya ubavu, ikalegea, ikanyamaza.

Kijana akafuta vibanio kwa shati, akabana tena. Kimya. Akageuza, mwekundu kwa mweusi. Kimya.

"Mwanangu, betri haikuchajiwa?" nikamuuliza.

"Ilichajiwa, bibi. Tajiri kaichukua jana usiku, kapandishia maji tangini kwake. Karudisha alfajiri."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayeeleza kwamba jana kulinyesha. Hapo ndipo damu iliponichemka, kwa kuwa nilifahamu kwamba kwake jambo hili ni la kila siku. Ndani ya boti nzima palikuwa na dumu moja lililokatwa kwa kufulia maji. Mzee mmoja akalishika. Mama kijana akanikabidhi mtoto wake, akafungua sufuria la arusi, akaanza kufua naye. Mtoto alilala kifuani pangu muda wote ule, na mama yake analowa mpaka mabegani huku akitupia jicho mara kwa mara kuona kama bado nimemshika vizuri. Maji yakapungua, tukafika, Alhamdulillahi. Na kwa kuwa tulifika, kila mtu alishuka akaenda zake, na mimi peke yangu ndiye niliyebaki ufukweni nikigomba.

Kwa nini tajiri hufanya hivi? Ubahili, basi. Anayo fedha ya kununua pampu ya pili, lakini macho yake yanaona tangi lake na hayaoni ngama, maana kwenye ngama hakai yeye. Sitaki kuambiwa habari ya shida ya maji ya bomba. Naijua. Kwangu pia maji huja usiku wa manane, hayana nguvu ya kupanda, na mtu huamka kuyakinga kwenye pipa la chini. Wanaokaa mabondeni Mwanakwerekwe wanajua pampu ndogo ilivyo msaada wakati wa masika, maji yakiingia mpaka chumbani. Pampu ya betri nyumbani ni kitu cha maana. Inunuliwe ya nyumbani.

Niliporudi mjini nilikwenda kwa fundi wangu wa Darajani, akanifungulia moja mezani ili nielewe vizuri kisa cha betri ile. Pampu hizi nyingi ni za volti 12. Iliyoandikwa galoni 1,100 kwa saa ni kama lita 4,160, ila hesabu hiyo ni ya maji yasiyoinuliwa popote. Boti hainyanyui maji mbali: yanatoka ngamani, yanapita ukingoni, yamekwisha. Kwa kazi hiyo pampu ni hodari. Ukiupandisha mpira mita moja, maji yanapungua. Ukiupeleka mpaka kwenye tangi lililo juu ya nyumba, pampu itazunguka na tone lisifike, na umeme unaendelea kuliwa bure. Yenye nguvu hiyo hula ampea 3 hadi 4, na betri ndogo ya ampea-saa 7, hata kwa hesabu ya karatasi, haipiti saa 2 na kidogo. Tajiri wetu aliimaliza yote usiku mmoja kwa kazi ambayo pampu ile haikuumbiwa. Zaidi ya hapo, betri ya asidi ikikamuliwa mpaka mwisho mara kwa mara hupoteza uwezo wake, hata uichaji kutwa nzima.

Nikamwuliza tundu dogo huingiza maji kiasi gani. Tundu la upana wa inchi moja, likiwa futi moja chini ya usawa wa maji, huingiza zaidi ya lita 40 kila dakika. Ndoo mbili kubwa. Mzee na dumu lake hawezi kuzifukuza ndoo mbili kwa dakika kwa muda mrefu, wala mama aliyejifungua juzi.

Nina jingine la pampu hizi za kuhamahama. Jirani yangu mmoja naye ana boti. Yeye huitoa pampu ngamani, huisukutua kwenye ndoo moja, kisha huitia kwenye tangi ambalo watoto wake wanakunywa. Ngama ina petroli, ina oili, ina damu ya samaki ya juzi. Nilimwambia mkewe ukutani, na hapa naandika ili asome mwenyewe: bwana, hayo ni maji ya wanao.

Hata vile vibanio vya kubana kwa mkono sivipendi chomboni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kukaa chini, na chini kabisa ya boti ndiko kwenye ngama. Kibanio kikigusa betri hutoa cheche. Sijui tunasubiri nini. Pampu ya chombo ipigwe skrubu ngamani, waya zake ziwe na fyuzi, betri ikae juu pakavu, na iwekwe swichi ya kuelea ili maji yakipanda iwake yenyewe hata kama nahodha macho yake yako mbele. Ikifungwa hivyo, tajiri hawezi kuibeba kwapani jioni. Kwangu hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote.

Marehemu baba alikuwa baharia wa majahazi, na upo wa kufulia maji kwao ulikuwa wa mbao, umechongwa kwa mkono. Mahali pake palikuwa banduruni, pale maji ya ngama yanapofuliwa. Chombo kikipakuliwa chote, tanga likishushwa, watu wakishuka na mizigo yao, upo ulibaki. Siku moja nikiwa mtoto niliuchukua kuchotea maji ya mchezo pwani. Baba hakunipiga, lakini alinirudisha mpaka chomboni, maji yakiwa kiunoni mwangu, nikauweke nilipoutoa. Mabaharia wale hawakuwa na volti wala ampea, ila walijua kitu gani hakitoki chomboni.

Arusi ile ina fungate, na Jumamosi narudi Tumbatu. Kabla sijapanda nitaomba pampu iwashwe mbele yangu tukiwa bado ufukweni Mkokotoni, niyaone maji yakitoka. Nawaomba na nyinyi mnaosafiri na watoto muombe hivyohivyo, na msione haya. Na tajiri ambaye betri yake itakuwa nyumbani, jina la chombo chake mtalisoma hapa wiki inayofuata.