Wanaodharau Bawaba

Wako wafufuao magari makuukuu wanaoamini kuwa kazi yao yote ni injini na rangi. Pini za bawaba, ndimi za vitasa na mipira ya milango huviita vitu vya bure. Kosa hili si dogo.

Mfano ni Volkswagen Beetle, gari lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, na ambalo uundaji wake ulikoma Mexico mwaka 2003. Kila mlango wake hushikwa na bawaba mbili. Pini zikikosa mafuta hulika, matundu hupanuka, mlango huinama, na ulimi wa kitasa haulekei tena mahali pake. Mwenye haraka hugongagonga kitasa au hutia msumari badala ya pini. Rangi yang'aa, lakini mlango waweza kufunguka penye kona na abiria akatupwa njiani. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Wadharau hao hujitetea kuwa kifaa cha asili ni adimu. Kweli ni adimu, lakini udhuru huo haufai. Tundu lililolika hupekechwa sawasawa likatiwa pini nene zaidi. Na pini iliyokatika, fundi wa kukereza chuma aweza kuitengeneza upya akipewa ile ya kale iwe kipimo. Wengi hawana kipimo hicho kwa sababu walikwisha kukitupa jaani pamoja na kutu. Mtu huyo asilaumu uhaba. Alaumu mkono wake.