Kukosea kimoja, kuiba kingine

NJE YA KUMI NA NANE
Na Shaban Kitwana

Timu ikishinda kwa penalti, imebebwa. Ikinyimwa penalti, imeibiwa. Ikitoka sare, kila upande una orodha yake ya madhambi ya mwenye filimbi. Vipindi vya michezo vya asubuhi havijamaliza salamu, mchambuzi ameshahukumu, na ikifika saa nne kijiwe kizima kinajua refa ni shabiki wa nani, kwao wapi na wiki iliyopita alionekana na kiongozi gani. Ukiuliza ushahidi uko wapi, unaambiwa si umeona mwenyewe alivyokosea?

Hapo ndipo ninapogombana na waandishi wenzangu. Kuandika kwamba refa kakosea ni kazi yetu, na tuifanye bila huruma. Kuandika kwamba refa kala hela ni kazi yetu pia, ila hiyo ya pili inataka uwe na kitu mkononi. Sisi tumezichanganya zote mbili, na mchanganyiko huo unauza gazeti.

Tuchukue kidonda ambacho kwa Wananchi, yaani Yanga, hakijapona. Aprili 5, 2024, Uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria, marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kati ya Mamelodi Sundowns na Yanga. Mechi ya kwanza, Kwa Mkapa, iliisha 0-0. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti kali kutoka mbali, kipa Ronwen Williams akapitwa, mpira ukagonga mtambaa wa panya kwa chini, ukadunda, ukarudi uwanjani. Wachezaji wa Yanga wakanyoosha mikono kushangilia. Refa Dahane Beida wa Mauritania akaacha mchezo uendelee, na chumba cha VAR hakikumwita kwenda kuangalia kioo. Dakika 90 zikaisha bila bao, Yanga ikatolewa kwa penalti 3-2.

Kwa macho yangu lile ni goli. Nimelitazama mara nyingi na sibadili. Lakini sheria namba 10 inataka mpira wote uwe umevuka mstari wote, na hilo linataka jicho lililo sawasawa na mstari. Refa hawezi kuwapo hapo, maana anakimbia katikati ya uwanja. Mshika kibendera naye anatakiwa kwenda sambamba na beki wa mwisho, kwa hiyo shuti la mbali linamkuta akiwa mita kadhaa kutoka kwenye kona. Kamera za matangazo nazo huwa zimewekwa kwa ajili ya mtazamaji wa nyumbani. Kuna mtambo uliobuniwa kwa ajili ya sekunde kama ile, teknolojia ya mstari wa goli, unaompigia refa kengele kwenye saa yake ya mkononi. Siku ile haukuwapo.

Sasa swali kubwa lilikuwa lipi? Kwangu mimi ni hili: inakuwaje robo fainali ya mashindano makubwa ya klabu barani ichezwe bila mtambo huo? Swali hilo tuliligusa siku mbili tatu tukaliacha. Tulichokikamata kwa mikono miwili ni Motsepe. Ni kweli Patrice Motsepe, rais wa CAF, ndiye aliyekuwa mmiliki wa Sundowns, na klabu imebaki mikononi mwa familia yake. Huo ni mgongano wa maslahi, na mwandishi anayeuhoji anafanya kazi halali kabisa. Ila kutoka hapo mpaka kwenye filimbi ya Beida kuna safari ndefu, na sisi tuliiruka kwa kichwa cha habari. Beida huyo huyo, chini ya miezi miwili kabla, ndiye aliyechezesha fainali ya AFCON kule Abidjan, Ivory Coast na Nigeria. Anaweza kuwa mwizi? Mtu yeyote anaweza. Hakuna gazeti lililoleta hata karatasi moja.

Najua nitajibiwa kwamba marefa wala rushwa wapo. Wapo, tena tunao mfano wa jirani. Aden Marwa wa Kenya, mshika kibendera aliyekuwa ameteuliwa kwenda Kombe la Dunia 2018 Urusi, alinaswa na kamera ya siri ya mwandishi wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, akipokea dola 600. Filamu ikaonyeshwa na BBC, safari ya Urusi ikafa, akafungiwa maisha. Angalieni jinsi alivyokamatwa. Hakukamatwa kwa sababu ya kibendera alichonyanyua vibaya. Alikamatwa kwa sababu kuna mwandishi aliyejificha, akasubiri, akarekodi. Kabla yake kulikuwa na Joseph Lamptey wa Ghana, aliyetoa penalti ya mkono Novemba 2016, Afrika Kusini dhidi ya Senegal, wakati mpira ulimgonga Kalidou Koulibaly gotini. Hilo kila mtu aliliona kwenye runinga. Kilichommaliza Lamptey ni uchunguzi, ukiwamo mwenendo wa kamari uliotia shaka kwenye mechi ile. FIFA ikamfungia maisha, mechi ikarudiwa mwaka 2017, Senegal ikashinda 2-0 na kufuzu.

Hao ndio wezi, na walipatikana kwa kazi. Kelele za redioni hazijawahi kumnasa mla rushwa hata mmoja. Zaidi ya hapo, zinamfaa yeye. Marefa wote wakishaitwa wezi kila Jumatatu, mwizi wa kweli anajichanganya humo humo bila wasiwasi.

Kingine kinachonikera ni picha ya kusimamishwa. Mchambuzi anasimamisha video, anachora mstari mwekundu, anatangaza: "Huyu kaotea, kibendera alikuwa wapi?" Kuotea hupimwa pale mpigaji pasi anapougusa mpira, siyo ukiwa umeshatoka mguuni. Kamera ya kawaida ya runinga hunasa picha 25 kwa sekunde. Mshambuliaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde, kati ya picha moja na inayofuata ameshasogea sentimita 32. Beki naye akiwa anapanda kutega, wanapishana kwa nusu mita na ushee. Ukisimamisha picha moja tu mbele, mtu aliyekuwa sawa anaonekana kaotea wazi. Kibendera alitoa uamuzi huo mara moja, kwa jicho, akikimbia. Mwenzetu ana rimoti, kiyoyozi na kikombe cha chai, na bado kasimamisha pabaya.

Mpira wa mkono ndiyo usiseme. Kifungu chake kiliandikwa upya mwaka 2019, kikarekebishwa tena 2021, na bado studio zetu zinatumia sheria ya chandimu: umegusa mkono, weka tuta.

Halafu kuna kejeli. Janny Sikazwe wa Zambia, Januari 2022, alimaliza mechi ya AFCON ya Mali na Tunisia dakika ya 85, akarudisha mchezo, akamaliza tena kabla ya 90 kutimia. Afrika nzima ilicheka, na baadhi ya vyombo vikaanza kuuliza nani kamtuma. Baadaye ikajulikana joto la Limbe, mji wa mechi hiyo, lilikuwa limemwelemea kiasi cha kuhitaji matibabu. Mwisho wa mwaka huo huo alipewa mechi ya Ubelgiji na Kanada kwenye Kombe la Dunia Qatar. Habari ya kupigwa na joto haikuchekesha, kwa hiyo haikusambaa kama ile ya kwanza.

Lakini lawama zote nisizibebeshe kalamu. Waamuzi wetu wamefungwa mdomo. Refa akivurunda, Kamati ya Saa 72 ya Bodi ya Ligi inakaa, inatoa taarifa ya mistari michache kwamba fulani kafungiwa mizunguko kadhaa kwa kushindwa kutafsiri sheria, na ndiyo imetoka. Sheria ipi? Aliona nini? Alisimama wapi? Hakuna anayejua, na pengo hilo shabiki analijaza kwa uvumi. Septemba 30, 2023, Liverpool walinyimwa goli halali la Luis Díaz kwa Tottenham. Siku chache baadaye bodi ya waamuzi ya Uingereza ikaachia sauti za chumba cha VAR. Watu wakasikia wenyewe: mtu wa VAR alidhani uwanjani wametoa goli, akathibitisha uamuzi, akagundua kosa lake mchezo umeshaanza, akapagawa. Ilikuwa aibu kubwa. Ilikuwa pia mwisho wa hadithi nyingi, kwa sababu ukisikia sauti ya mtu aliyechanganyikiwa unajua huyu hajahongwa, huyu kavurunda.

Sisi tumechagua njia nyingine. Juni 25, 2025, kwa mechi ya watani, Simba na Yanga, iliyokuwa imeahirishwa tangu Machi, tuliletewa refa kutoka Misri, Amin Omar. Yanga ikashinda 2-0 na kuchukua ubingwa. Simlaumu aliyemleta, hali ilikuwa imeshachafuka. Lakini nchi yenye waamuzi wenye beji za FIFA kukodi mtu wa kuchezesha dabi yake ni jambo la kuwaumiza wahariri pia, maana hao waamuzi ni sisi tuliowachafua wiki kwa wiki mpaka hakuna aliyebaki msafi mbele ya Simba na Yanga wote wawili.

Wahariri, ninachoomba hakigharimu pesa. Anayechambua uamuzi asome kwanza kifungu chenyewe hewani, ndipo aseme lake. Bodi ya Ligi, taarifa za Kamati ya Saa 72 ziwe na maelezo ya mwamuzi, pamoja na kifungu alichokosea. Na wewe mwandishi unayetaka kuandika kwamba refa kala hela, leta jina la aliyempa, kiasi na siku. Kama huna, andika kakosea, na utuambie kakosea sheria namba ngapi.