Shangingi la Kiinua Mgongo

Tuanze na jina. Kabla halijawa gari, shangingi alikuwa mwanamke wa mjini, amekomaa, anang'aa, na kumtunza ni gharama. (Neno lina dharau kwa wanawake na siku moja nitalishughulikia; leo nalihitaji.) Mtaa ulipoyaona yale Land Cruiser makubwa ya wakubwa uliwapa jina hilo hilo, na jina likakaa. Kabla ya hapo tulikuwa na Wabenzi, kabila lililozaliwa baada ya uhuru na kutambulika kwa Mercedes-Benz. Kabila lilibadilisha gari tu. Siku hizi watoto wanasema V8, hata kama injini iliyomo ndani ina silinda nne.

Sina ugomvi na mwenye biashara yake anayetaka kukalia ngozi na kiyoyozi. Anunue hata mawili. Ninaowasema ni familia kama yetu, familia za mishahara, ambazo fedha nyingi huingia nyumbani mara moja tu, siku mzee anapostaafu, na jambo la kwanza linalojadiliwa ni gari.

Mjomba wangu ametimiza miaka sitini mwaka huu. Alikuwa mkuu wa idara serikalini. Kikokotoo amekisoma mpaka amekikariri, kama wastaafu wote: kanuni zilizoanza Julai 2022 ziliweka mkupuo kuwa asilimia 33 ya mafao, mwaka 2024 ukapandishwa hadi 40 kwa watumishi wa serikali kama yeye, na kinachobaki kinakuja kidogo kidogo kila mwezi mpaka Mungu apende. Mkupuo wake umeingia. Sasa anataka kutoa kama theluthi mbili yake anunue shangingi la dizeli, lililotumika. Dalali amemletea picha za mawili, Land Cruiser 200 yenye injini ya lita 4.5 na Prado ya mwaka 2016. Akanitumia mimi kwa sababu ndiye "msomi" wa ukoo: "Mama, hebu niangalizie lipi linafaa." Mimi nasomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba hakuna. Makala haya ndiyo jibu refu, na Mjomba ameyasoma kabla yenu. Amenung'unika, akasema niendelee, ila jina la mtaa wake nilitoe. Basi, anaishi upande wa Goba, na Goba ni kubwa.

Jambo la kwanza ambalo hakuna anayemwambia Mjomba ni kwamba halijui gari analolipenda. Kwa miaka kumi na moja amekaa kiti cha nyuma, kushoto, magazeti yakiwa mfuko wa kiti cha mbele. Tairi hajawahi kununua. Hajawahi kusimama gereji saa nne akisubiri fundi arudi na spea kutoka Kariakoo. Ile injini ya 4.5 inameza zaidi ya lita tisa za oili kila sevisi. Toyota IST ya mpwa wake haifiki nne. Gari lina uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu, na uzito huo wote unasimamishwa na pedi za breki ambazo kwa miaka kumi na moja zilinunuliwa na mama ntilie, mkulima wa korosho na mimi, kila tuliponunua sabuni yenye VAT ndani yake. Anavyoliona yeye, ni gari lisilosumbua. Halikumsumbua kweli. Lilitusumbua sisi.

Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu aliwahi kuyapigia kelele mashangingi ya serikali. Kelele zilipita, mashangingi yakabaki. Nadhani yalibaki kwa sababu kila aliyetakiwa kuyapunguza alifika kwenye kikao akiwa ndani ya moja.

Halafu kuna hoja ya dizeli. "Ni dizeli hii, haili mafuta." Nimeisikia kwa Mjomba, kwa dalali, kwa binamu yangu asiye na hata baiskeli. Basi tupige hesabu, tena kwa makadirio yanayompendelea dalali. Tuseme V8 ya dizeli inakwenda kilomita 7 kwa lita mjini na ya petroli kilomita 5, na kila lita ni shilingi 3,000. Mstaafu anakwenda wapi? Kanisani, kwenye msiba, harusini, benki. Nampa kilomita 500 kwa mwezi. Dizeli itamgharimu kama shilingi 214,000, petroli 300,000. Ameokoa elfu themanini na sita kwa mwezi, milioni moja na kidogo kwa mwaka. Injini ya V8 ina nozeli nane. Nenda kaulize bei ya nozeli moja mpya, siyo ya kuchonga, zidisha kwa nane, kisha uniambie akiba ya miaka mingapi imeondoka asubuhi moja kwa sababu kituo fulani kiliuza dizeli yenye maji. Dizeli hulipa kwa umbali. Inamfaa mwenye lori la Tunduma. Mstaafu ndiye mtu ambaye safari zake zimepungua kuliko wakati wowote tangu aanze kazi, na huyo ndiye tunayemuuzia injini ya masafa.

Na hapo nimejifanya dizeli na petroli zina bei moja. Mwishoni mwa 2022 hapa Dar es Salaam dizeli ilikuwa ghali kuliko petroli. Anayesikiliza EWURA wanapotangaza bei kikomo, Jumatano ya kwanza ya mwezi, anakumbuka.

Mjomba alipoona hesabu hiyo alihamia kwenye Prado. Injini ndogo, lita 2.8, ya kisasa. Sawa, tuiongelee, maana hapa ndipo mambo yalipo.

Injini hiyo ilianza kuuzwa kwenye Prado za Japani Juni 2015, na kama dizeli nyingi za kisasa ina kichujio kwenye bomba la moshi. Mafundi wanakiita DPF. Kazi yake ni kudaka masizi yasitoke. Kikijaa, kompyuta ya gari hupandisha joto mle ndani mpaka kama nyuzi 600, masizi yanaungua, kinabaki na majivu kidogo, gari linaendelea na maisha. Ili zoezi hilo likamilike vizuri gari linahitaji kutembea mfululizo, injini ikiwa imepata moto, barabara ikiwa wazi. Sasa mchukue Mjomba. Anatoka Goba kwenda Mbezi Beach, dakika kumi za kushuka, kisha foleni ya Tangi Bovu. Anazima. Jioni anarudi. Kesho hivyo hivyo. Kila zoezi linapoanza, yeye ameshafika benki. Baada ya miezi kadhaa taa inawaka dashibodini, gari linakuwa zito kama limebeba mchanga, na Mjomba anakwenda gereji.

Pale gereji atapewa ushauri mmoja, nimeuliza watatu na wote wamesema hivyo hivyo: "Tunakitoa tu hicho, mzee." Wanalikata kopo, wanatoa vilivyomo, wanalichomea tena lionekane zima, mtu mwenye kompyuta ndogo anaidanganya kompyuta ya gari isikiulizie tena. Gari linarudi jepesi. Fundi anasema ni vitu vya wazungu hivi, mafuta yetu hayaviwezi. Na ana chembe ya ukweli: nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa kwenye dizeli mpaka sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua kubwa, lakini vichujio hivi vilibuniwa kwa mafuta yenye sehemu 10. Hata mafuta safi hayatoshi kukupa usingizi. Australia, nchi ya barabara ndefu kuliko subira yangu, mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho iliona kwamba Hilux, Fortuner na Prado zaidi ya laki mbili na nusu zilizouzwa huko na injini za familia hiyo zilikuwa na kasoro kwenye mfumo huo huo wa kichujio. Nao walikuwa na dhamana, mawakili na mahakama. Sisi tuna yadi na risiti ya mkono.

Basi chaguo la mwenye dizeli ya kifahari Dar es Salaam ni kulipa kichujio kipya, au kukitoa. Wengi hukitoa. Na kikishatolewa, masizi hayapotei, yanahamia kwa mtu mwingine.

Hapa ndipo nilipo na haki ya kusema, maana ndicho ninachosomea. Juni 2012 wakala wa Shirika la Afya Duniani unaotafiti saratani uliuweka moshi wa dizeli kundi la kwanza, la vitu ambavyo ushahidi wa kusababisha saratani kwa binadamu umekamilika. Tumbaku imo kundi hilo. Chembe zenyewe ni ndogo kiasi kwamba pua haizizuii, zinafika chini kabisa ya mapafu na nyingine huingia kwenye damu. Angalia bomba la moshi la shangingi liko urefu gani kutoka chini, kisha angalia kituo chochote cha daladala saa moja asubuhi, nani ana pua urefu huo. Mtoto wa chekechea aliyeshikwa mkono. Mama wa vitumbua aliyekaa kwenye ndoo. Mwenye gari amepandisha vioo, kiyoyozi kinazungusha hewa ya ndani.

Najua utaniambia malori na daladala mbovu zinatoa moshi mwingi zaidi. Zinatoa. Lakini daladala imebeba watu thelathini wanaokwenda kazini. Shangingi limembeba Mjomba na mwavuli. Na usinipeleke Ulaya kwamba kule wanayaendesha kwa sheria kali: mwaka 2015 Volkswagen walikamatwa na programu ya kudanganya vipimo, magari kama milioni kumi na moja duniani, na baadaye ikaja kuonekana hata injini ya V6 ya Touareg, Audi Q7 na Porsche Cayenne ina ujanja wake. Fundi wetu wa kopo ana wenzake wenye tai.

Hoja ya barabara mbovu nitaipitia haraka maana haina uzito. Sisi ni wa Rombo. Desemba tunakwenda kuhesabiwa kama Wachaga wote. Kutoka Dar hadi Moshi ni lami, kutoka Marangu hadi Mkuu ni lami, inayobaki ni ile njia ya kupanda nyumbani kati ya migomba, na njia za namna hiyo Noah zimezipanda miaka yote zikiwa na abiria kumi na magunia juu. Mara moja kwa mwaka, kilomita mbili za tope. Dodoma, anakokwenda kufuatilia mambo yake, kuna treni ya umeme tangu 2024.

Hoja inayonishinda nguvu ni nyingine, na Mjomba hakuitoa yeye, nimeiona mwenyewe. Miezi miwili iliyopita alikwenda hospitali moja kwa bajaji. Goti lake ni bovu. Mlinzi wa getini akasema bajaji haziingii, ashuke hapo atembee. Yule yule ambaye, mwaka jana tu, angefungua geti kabla honi haijapigwa. Nilikuwa naye. Alitembea bila kusema neno mpaka mapokezi, na jioni ile ndipo picha za dalali zilipoanza kuja.

Kwa hiyo naelewa. Anachonunua ni geti lifunguliwe. Nchi hii imewafundisha walinzi kusoma magari badala ya watu, na serikali ndiyo mwalimu mkuu, kwa namba zake za STK na msafara wake. Mtu anapewa heshima ya kuazima kwa miaka kumi na moja, siku ya mwisho anarudisha ufunguo, na heshima inabaki kwenye gari. Atakayemcheka kwa kutaka kuinunua tena hajawahi kumwona mzee wake akishushwa bajaji.

Lakini gari halitamaliza. Mlinzi atafungua geti kwa miaka mitatu, mpaka nozeli zianze kugonga, na shangingi liegeshwe uani likifunikwa turubai, kuku wakilala chini yake. Kila mtaa ninaoujua una moja la namna hiyo. Na ninyi wenzangu wa miaka ishirini na kitu, tunaokodi V8 za harusi na kupigia picha milango tusiyoifungua, tuache kumcheka Mjomba. Wengi wetu tutachukua mkopo wa kwanza wa benki kwa sababu hiyo hiyo, bila hata kusubiri kustaafu.

Nilichomwandikia ni kifupi. Anunue RAV4 ya petroli, kamilifu, fundi yeyote anaijua, inapanda Rombo. Ikimbakizia kitu, Goba kuna vyumba vinne vya kupangisha vimesimama kwenye linta tangu 2019. Na lile geti la hospitali, nimeandika barua ya malalamiko kwa uongozi nikiomba wazee waingizwe hadi mlangoni kwa chombo chochote walichopanda. Wamejibu kwamba wameipokea.

Dalali anataka malipo ya awali Jumamosi. Mjomba hajanipa jibu. Mkewe, ambaye kwenye kikao cha ukoo hakufungua mdomo, amenipigia jana usiku kuuliza bati za geji 28 sasa zinauzwaje.