Kodi Ilitangulia Hekalu: Funzo la Númenor kwa Wanaotumwa

Wapo wanaoshangaa mseminari anaposoma hadithi za dunia isiyokuwepo. Biblia ipo, Mababa wa Kanisa wapo. Muda wa kusoma habari za pete za uchawi unatoka wapi? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, naona kuna hadithi moja inayomfaa kila anayejiandaa kutumwa kwa watu wasio wa kwao.

Mtunzi wake, J.R.R. Tolkien, alizaliwa Bloemfontein, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini, mwaka 1892. Mama yake alipokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1900, akafariki mwaka 1904, na padre wa Oratorio ya Birmingham akawa mlezi wa wanawe wawili. Tolkien alibaki Mkatoliki hadi kifo chake mwaka 1973. Middle-earth, dunia aliyoibuni, haina Kanisa wala mapadre. Lakini ina habari ya taifa lililovuka bahari likiwa na zawadi, kisha likarudi na minyororo. Habari hiyo imo katika The Silmarillion, kitabu kilichotolewa mwaka 1977, na katika nyongeza za The Lord of the Rings.

Watu wa kisiwa cha Númenor walijaliwa maisha marefu, elimu na ubingwa wa bahari. Ibada yao haikuwa na hekalu. Mara tatu kwa mwaka mfalme alipanda mlima Meneltarma kumwomba Eru, Muumba wa vyote, na watu walimfuata kwa ukimya. Merikebu zao za kwanza zilifika pwani za Middle-earth mwaka 600 wa Enzi ya Pili. Waliwakuta watu wanyonge wanaoishi kwa hofu, wakawaonea huruma. Waliwafundisha kupanda nafaka, kusaga unga na kuchonga mawe. Hawakudai malipo.

Kufikia mwaka 1200 walikuwa wanajenga bandari za kudumu. Kufikia 1800 walianza kutawala pwani, na baadaye wakadai kodi. Mwaka 2280 Umbar ikafanywa ngome kubwa. Mwaka 3262 ndipo Sauron, yule mwovu, alipoletwa kisiwani kama mateka. Aliwaambia kwamba Eru ni jina la kubuniwa tu, na kwamba anayestahili kuabudiwa ni Melkor, bwana wa giza. Wakajenga hekalu lenye upana wa futi 500, na ndani yake wakatoa watu kafara. Kisha wakavuka bahari tena, safari hii kuwawinda watu wa pwani, kuwafanya watumwa na kuwachinja juu ya madhabahu. Tolkien anaeleza kwamba kumbukumbu ya wafalme wema wa kwanza ikafifia, zikabaki simulizi za kutisha.

Ndugu msomaji, tazama mpangilio wa matukio. Kodi ilitangulia hekalu kwa zaidi ya miaka 1000. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye uzito wa hadithi nzima. Dini ya uongo haikuwafundisha watu wa Númenor kuonea wengine. Walishazoea kuonea, wakawa tayari kumpokea mungu asiyewakemea.

Tuwe waangalifu, lakini, tusiseme kwamba kila kitokacho ng'ambo ni sumu. Katika bandari ya Pelargir lugha ya wageni ilichanganyika na maneno ya wenyeji, ikazaliwa Lugha ya Pamoja iliyoenea pwani yote. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa jambo hilo linavyotokea. Kisiwa kilizama mwaka 3319, lugha ikabaki. Vilevile, miaka elfu kadhaa baadaye, Faramir na askari wake bado wanasimama kimya wakitazama magharibi kabla ya kula. Kilichopokelewa kwa hiari kimedumu. Kule Harad, kusini, kulikotozwa kodi, kilichodumu ni chuki.

Wako wanaolalamika kwamba watu wa Harad hawapewi sauti katika kitabu, na wana hoja. Lakini Sam, mtunza bustani, anapoona maiti ya askari wa huko, anajiuliza kama kweli mtu huyo alikuwa mwovu, au alitolewa kwao kwa uongo na vitisho. Na vita vilipokwisha, mfalme Aragorn alifanya amani na watu wa Harad, akawapa watumwa wa Mordor ardhi iwe yao.

Sisi tunazo habari za kweli za namna hii. Kule Mombasa Wareno walianza mwaka 1593 kujenga ngome ya mizinga, wakaipa jina la Yesu. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amebatizwa, aliiteka, na Wakristo wengi wakauawa. Mauaji hayo hayana utetezi. Lakini tujiulize mwenyeji alisikia nini alipotajiwa jina la Yesu, ikiwa kwanza alilijua kama jina la ngome.

Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha katika Redemptoris Missio, mwaka 1990, kwamba Kanisa linaitangaza imani bila kumlazimisha mtu. Funzo hilo si la wamisionari wa zamani peke yao. Padre kijana anayepelekwa parokia ya mbali naye huja na elimu, pikipiki na mradi wa kisima. Ni vyema, ni zawadi. Hatari huanza siku anapoacha kusalimia wazee na kusikiliza lugha yao, akaanza kuwapima waamini kwa michango yao. Siku hiyo hakuna aliyebadili Kanuni ya Imani, na Misa inaadhimishwa kama kawaida. Lakini hata Númenor, kodi ya kwanza ilipodaiwa, mfalme alikuwa bado anapanda mlimani kusali.