Bi Harusi, King'amuzi au Intaneti?



Siku hizi kwenye orodha ya vyombo vya nyumba mpya tunaona vitu viwili vinaandikwa pamoja bila ya kufikiriwa: king'amuzi cha kulipia na intaneti ya nyumbani. Maoni yetu ni kuwa nyumba changa yenye kipato kidogo ichague kimoja cha kulipia kila mwezi, na kiwe intaneti.

Tupige hesabu. King'amuzi cha shilingi 30,000 kwa mwezi kinakula 360,000 kwa mwaka, na mara nyingi zinazoangaliwa khasa ni chaneli tatu nne. Tena televisheni kazi yake ni kutoa pesa tu, lakini intaneti inaweza kuziingiza. Dada anayeshona mabuibui au kupika keki anapata wateja kwa WhatsApp akiwa kwake. Anaweza kusoma tajwidi kwa mwalimu aliye mbali, na kuiona Makka moja kwa moja YouTube bila ya kulipia chaneli.

Kabla ya kununua kasi kubwa zaidi, hamisheni ruta kwanza. Kuta za nyumba za Mji Mkongwe ni nene, na ruta ikifichwa chumba cha ndani mawimbi hayafiki. Iwekeni juu, pahala pa wazi, na chumba cha mbali kitumie masafa ya 2.4 GHz, yanapenya ukuta vizuri kuliko 5 GHz. Pia punguzeni ubora wa picha. Netflix wanakadiria saa moja ya picha ya kawaida ni hadi GB 1, na ya HD ni hadi GB 3. Kwa saa mbili kila usiku, mwezi ni GB 60 au 180. Na mkiambiwa kifurushi hakina kikomo, ulizeni kasi inashushwa baada ya GB ngapi.

Mume na mpira wake msigombane. Ikibidi, king'amuzi kilipiwe mwezi wenye mechi anazozitaka. Juni na Julai Ligi Kuu ya Uingereza kwa kawaida imelala, basi nacho kilale. Yazungumzeni mapema, si usiku wa fainali.

Wapo watakaosema intaneti ni mlango wa fitna. Ni kweli mlango huo hauna bawabu, lakini king'amuzi nacho hakina. Bawabu ni nyinyi wawili: televisheni ikae ukumbini, si chumbani, simu za watoto ziwe na mipaka, na ikiadhiniwa kila kitu kizimwe.

Suratul Furqaan, aya ya 67, inawasifu wanaotumia bila ya israfu wala ubakhili, wakawa kati na kati. Nyumba huanza kujengwa kwa mambo madogo kama haya.

Allah azitie baraka nyumba zenu. Amin.