UCHAMBUZI: Kutoka Uwanja wa Songwe hadi Bandari ya Kiwira, Ratiba Ndiyo Daraja

Abiria anayepanda ndege ya asubuhi Dar es Salaam anaweza kuwa mkoani Mbeya kabla ya saa sita mchana. Iwapo safari yake ni ya Lupingu, Manda, Liuli au Mbamba Bay kupitia Ziwa Nyasa, kutua huko ni mwanzo tu. Mbele yake ipo barabara ya zaidi ya kilomita 120, na mwisho wa barabara hiyo ipo meli isiyong'oa nanga kila siku. Kwa sababu hiyo, thamani ya uwekezaji uliofanywa na Serikali katika ukanda huu inapimwa kwa jambo moja: je, aliyeshuka kwenye ndege anaikuta meli?

Uwekezaji wenyewe unaonekana. Uwanja wa Ndege wa Songwe ulianza kutumika Desemba 2012, ukachukua nafasi ya uwanja mdogo uliokuwa katikati ya Jiji la Mbeya. Katika ziwa, meli ya MV Mbeya II, yenye uwezo wa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, ilianza safari mwaka 2021 baada ya kujengwa na kampuni ya kizalendo ya Songoro Marine. Kabla yake zilikamilika meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ikiwa na uwezo wa tani 1,000. Kati ya uwanja na ziwa, mradi wa kupanua barabara kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, unalenga kuondoa msongamano unaowachelewesha wasafiri ndani ya jiji.

Njia ya kwenda bandarini inahitaji umakini, hasa kwa mgeni. Uwanja wa Songwe upo Mkoa wa Mbeya, si Mkoa wa Songwe; na Songwe ni jina pia la mto unaotenganisha Tanzania na Malawi pale Kasumulu. Kutoka uwanjani msafiri hupita jijini hadi Uyole, kisha hushika barabara ya Tukuyu. Njiani atakuta mji mdogo wa Kiwira, wilayani Rungwe, lakini hapo sipo penye meli. Bandari ya Kiwira ipo mbali zaidi, ufukweni mwa ziwa wilayani Kyela, jirani na Bandari ya Itungi. Baada ya kuteremka milima ya Rungwe, barabara hugawanyika Ibanda: moja huelekea mpakani Kasumulu, nyingine Kyela mjini na bandarini. Asiyeuliza mapema, akamwambia kondakta "Kiwira" pekee, anaweza kushushwa mahali pasipo na hata harufu ya maji.

Ulinganisho na Dar es Salaam unaeleza uzito wa suala hili. Anayetoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere kwenda Zanzibar kwa boti, akichelewa moja, husubiri nyingine siku hiyohiyo au asubuhi inayofuata. Kyela hali ni tofauti. Ukungu ukichelewesha ndege au foleni ikimkwamisha msafiri Mbeya, akafika bandarini meli imeondoka, hasara yake huhesabiwa kwa siku. Atalipia nyumba ya wageni na chakula, na biashara aliyoifuata itangoja.

Wanaobeba mzigo huo zaidi ni wakazi wa mwambao wa mashariki. Upande wa Ludewa, Milima ya Livingstone inashuka wima hadi majini, na vipo vijiji ambavyo kwa vizazi vimeutegemea usafiri wa majini kuliko barabara. Kwa mgonjwa anayerejea kutoka hospitali ya rufaa Mbeya, mwalimu anayekwenda kituo kipya cha kazi au mfanyabiashara wa mchele wa Kyela, meli ni huduma ya msingi. Ikimwacha, kishawishi cha kupanda mtumbwi au boti isiyokaguliwa huwa kikubwa, hasa pale upepo wa mwera unapochafua ziwa.

Ugumu wa kuunganisha safari hii unatokana na mgawanyo wa majukumu. Viwanja husimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (TAA), barabara kuu na TANROADS, mabasi hudhibitiwa na LATRA, bandari zipo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari (TPA), na usalama wa vyombo vya majini ni wajibu wa TASAC. Kila taasisi inaweza kutimiza wajibu wake kikamilifu na abiria bado akaachwa ufukweni, kwa kuwa hakuna hata moja yenye jukumu la safari yake yote.

Suluhisho halihitaji fedha nyingi. Ratiba ya meli ikibandikwa katika ukumbi wa kuwasili Songwe na katika kituo cha mabasi Kyela, mabadiliko yakitangazwa kwa ujumbe wa simu na redio za jamii, na saa ya meli kuondoka ikipangwa kwa kuzingatia ndege na mabasi ya siku hiyo, sehemu kubwa ya usumbufu itaondoka.

Wanaokwenda visiwani nao wanahusika. Kisiwa cha Lundo, upande wa Tanzania, hufikiwa kutokea mwambao wa Wilaya ya Nyasa. Likoma na Chizumulu ni visiwa vya Malawi. Anayevifuata kwa njia ya Kasumulu huvuka mpaka akiwa na hati ya kusafiria, kisha hutafuta usafiri katika bandari za nchi hiyo, ambako meli ya MV Ilala ilianza kazi mwaka 1951.

Wakati uratibu huo ukisubiriwa, wananchi wanashauriwa kuthibitisha siku ya meli kabla ya kununua tiketi ya ndege, kufika Kyela siku moja kabla, kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) na kupanda vyombo vilivyokaguliwa pekee. Ndege imefika na meli imefika. Kilichobaki ni kuhakikisha zinakutana.