Kipaji cha Mieleka: Shuleni au Nje?

Toleo hili linahusu vijana wenye vipaji na mahali pa kuvikuzia. Tunaanza na mieleka ya Marekani, ambako swali limepamba moto: kijana anayewabwaga wenzake wote abaki kwenye timu ya shule, au aende kwenye klabu na kambi za taifa?

Wanaotaka aondoke wana hoja. Mieleka ya sekondari za huko si ile ya Olimpiki. Shuleni, kumdhibiti mpinzani aliye chini ndiko kunakothaminiwa. Katika mtindo huru wa Olimpiki, aliye juu asipofanya kitu upesi mwamuzi huwasimamisha wote wawili, na mgongo wa mpinzani ukielekea mkekani kwa kufumba na kufumbua tu, alama zimeingia. Aliyezama katika mtindo mmoja huchelewa kuumudu mwingine.

Kyle Snyder wa Maryland hakushindwa hata pambano moja kwa miaka mitatu ya sekondari. Mwaka wa mwisho akahamia kituo cha Olimpiki cha Colorado Springs. 2015 akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 19, na 2016 akatwaa dhahabu Rio. Aaron Pico wa California alichezea shule msimu mmoja tu, akachukua ubingwa wa jimbo, akaondoka. Alipata medali za dunia za vijana, lakini katika fainali ya mchujo wa Olimpiki wa 2016 alishindwa na Frank Molinaro, aliyepitia timu za shule na chuo kikuu.

Visa viwili havitoshi kutoa hukumu, ila vinaonyesha tofauti: Snyder aliondoka shule ikiwa imekwisha kumpa ilichonacho. Tena hakuziacha timu za masomo moja kwa moja. Mwaka ule ule wa dhahabu alikuwa bingwa wa vyuo akiwa na Ohio State.

Isitoshe, msimu wa shule ni wakati wa baridi, na mashindano ya mtindo huru hufuata baada yake. Kijana anaweza kupata vyote. Shuleni, akimlaza mpinzani mabega chini, timu nzima hupata alama 6, na mwenzake dhaifu hupata wa kujifunza kwake.

Msimamo wetu: abaki, na shule isimzuie kwenda klabu. Aondoke pale tu anapokosa wa kufanya naye mazoezi. Mzazi, kabla ya kuuliza habari za medali, muulize kocha: mwanangu anashikana na nani kila siku?